Maziwa ya Mshindi

Mtaani Rwezamenyo, jijini Kigali, kila mtu alijua kwamba kabla hujapata maziwa kwa Mukarugwiza, sharti unuswe. Ukileta chombo kutoka nyumbani, alikiinamia, akavuta pumzi moja fupi, na kama kilinuka samaki au sabuni ya kufulia alikurudishia bila neno. Ukitoka kwa mchoma mishikaki wa pale kona, midomo ikikung'aa mafuta, hukupewa hata funda. Nyama na maziwa havikutani mdomoni, alisema, na anayetaka kubisha akabishane na ng'ombe. Watoto walimwita Mama Kinyaa. Alilisikia jina hilo na halikumuudhi. Kwake kinyaa kilikuwa chombo cha kazi, kama jiko na sufuria.

Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko na ng'ombe wachache. Kiswahili alikipata shuleni, na adabu ya maziwa akaipata kwa mama yake, ambaye hakuwahi kumchapa mtoto kwa kosa lolote isipokuwa kuchezea maziwa. Waliporudi Rwanda, kaka yake, Karangwa, alichukua ng'ombe akaenda kuishi nje ya Kabuga, kulikokuwa na majani. Yeye aliolewa Kigali, akamzaa Shema, akafiwa na mume, akafungua duka la maziwa kwenye barabara ya mawe inayopanda kilima. Shema alikua, akaenda kufanya kazi ya ujenzi Kinyinya. Duka likabaki: mabenchi, sufuria ya maziwa ya moto, ndoo za mtindi, mandazi chini ya kitambaa. Kila asubuhi pikipiki ya Nduwayo ilileta keni ya maziwa kutoka kwa Karangwa.

Na juu ya rafu, peke yake, palikuwa na inkongoro ya mama yao, kikombe cha mti cha kunywea maziwa, cheusi kwa umri. Karangwa alipomkabidhi, baada ya mazishi, alisema, "Hiki kinyweshe watu. Siku nitakayosikia kimegeuka pambo, nitakuja kukichukua."

Basi mwaka ule yakaja mashindano ya baiskeli ya watu wa kulipwa, na siku ya mwisho ikapangwa iishie pale pale, juu ya mawe yale, hatua chache kutoka mlangoni kwa Mukarugwiza. Mkuu wa mashindano alikuwa mgeni aitwaye Norman. Alikuwa ameandaa mbio kwa miaka kwenye kisiwa fulani chenye milima mitupu, na walisema alipokiona kile kilima cha mawe alicheka kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Lakini aliyekuja dukani hakuwa Norman. Alikuwa Rodney, kijana wa kamati ya mapokezi, aliyekulia Uganda, mwenye viatu vyeupe visivyojua tope.

"Mama Shema, nina habari nzuri mpaka nashindwa kukaa."

"Kaa. Benchi ni safi."

Rodney akakaa. "Kule kwa wenzetu mshindi anapewa mvinyo. Lakini hapa iko msikiti jirani, na wazee wameomba pombe isije. Tumewaheshimu. Ndiyo nikamwambia Norman: sisi tuna kitu kinachozidi mvinyo. Tuna maziwa! Mshindi atakunywa maziwa ya Rwezamenyo, ya kwako wewe, mbele ya kamera zote."

Mukarugwiza alimtazama viatu, kisha uso. Alikuwa hajawahi kumpenda kijana huyu, maana alinuka manukato yaliyomwingia mteja hadi kwenye kikombe. Siku hiyo alimpenda.

Alimpigia Karangwa simu jioni ile ile. Kaka yake hakuwa mtu wa mjini. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga dukani kwake; alisema mjini watu wanauza maziwa kama mafuta ya taa. Lakini aliposikia habari hii aliuliza swali moja tu.

"Mgeni atakunywa?"

"Atakunywa, kaka."

"Basi yule ng'ombe wangu Bihogo nitamkamua mwenyewe, kwa mkono wangu. Na nitakuja kuona."

Siku ya kuamkia fainali walifanya majaribio. Jukwaa la mbao lilikuwa limesimama, na juu ya mlango wa duka walikuwa wametundika bango kubwa lenye picha ya ng'ombe na jina la Mukarugwiza. Akajaza jagi la maziwa yaliyopoa, akaonja tone kiganjani kwanza, akawapelekea vijana wa kamati wanywe. Hakuna aliyekunywa. Rodney aliyamimina kwenye moja ya zile chupa laini za plastiki wanazobinya waendeshaji baiskeli, akampa msichana aitwaye Keza aliyekuwa amepanda jukwaani kushika nafasi ya mshindi.

"Binya!"

Keza akabinya. Maziwa yakaruka mstari mrefu, yakampata Rodney kwenye paji la uso. Wote wakaangua kicheko. Keza akabinya tena, akazunguka, akawapiga mafundi wa jukwaa, na maziwa yakatiririka kwenye videvu, kwenye nguo, kwenye mbao, yakaingia katika nafasi za mawe. Fundi mmoja alipita juu yake na ndala zenye tope, na alama za miguu yake zikabaki pale, kijivu na nyeupe. Nzi walifika kabla kicheko hakijaisha.

Mukarugwiza aliona kinyaa. Hakikuwa kinyaa cha chombo kichafu, hicho alikizoea. Hiki kilikuwa kipya.

"Hayo ni maziwa," alisema, kama anayemwonyesha mtu kitu asichokijua.

"Ndiyo, Mama! Umeona yanavyong'aa kwa jua?" Rodney alikuwa akijipangusa nyusi kwa karatasi. "Mpango umebadilika kidogo. Norman anasema kule kisiwani baiskeli zilipita watu wakasahau, lakini picha ya kumwagiana ilibaki. Wapiga picha wanataka hiyo."

"Na kunywa?"

"Hawa watu chakula chao kinapimwa mpaka punje. Hakuna atakayekunywa hata tone. Wanabinya tu, pyaa, imeisha."

"Basi tafuteni maziwa kwingine."

"Mama Shema." Rodney alinyoosha kidole kwenye bango. "Jina lako liko juu pale. Ukikataa nitanunua ya boksi, na yatamwagwa vilevile. Watu watasema tu kwamba uliogopa."

Akatupa ile karatasi yenye maziwa chini, kwenye mawe. Mukarugwiza aliiangalia ikilowa.

Aliingia ndani akampigia Karangwa. Kaka yake hakumpa nafasi ya kufungua mdomo. "Nimempiga Bihogo brashi," kaka yake alisema. "Nimemwambia kesho ni siku yake. Na hapa Kabuga nimeshawaambia wote, wengine wanasema nadanganya. Nitavaa ile kofia ya harusi ya Shema, atakapooa. Si unajua niliinunua mapema." Akacheka. Mukarugwiza hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka. Alisema, "Vizuri, kaka," akakata simu.

Jirani yake upande wa juu alikuwa fundi cherehani, Usumani, mzee mtulivu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Usumani alishona kanzu, na kanzu zake zilisifika kwa kola zilizosimama kama bati, kwa sababu alipika wanga wa muhogo mwenyewe na kuzichovya humo kabla ya pasi. Mukarugwiza alimkuta akitia uzi sindanoni.

"Fundi, ule wanga wako wa kanzu, ukikorogwa mwepesi, unafanana na nini?"

"Unafanana na wanga."

"Na kwa mbali?"

Usumani akavua miwani. "Kwa mbali hata mimi nafanana na kijana. Unataka nini, jirani?"

Akamweleza. Hakuficha kitu. Maziwa ya Bihogo yatafika, yatakaa ndani, yatanywewa na watu wenye midomo. Zile chupa za kumwaga zitajazwa maji ya wanga. Wapiga picha watapata weupe wao, Karangwa atawalaumu wageni tu, la wanga hatalijua, na hakuna tone la maziwa litakalokanyagwa.

"Hatanywa mtu?"

"Hata tone. Yule mwenye viatu amesema."

Usumani alivaa miwani tena, akaishika sindano, hakushona. "Wanga nitakupa. Wanga ni wanga. Lakini wewe unauza maziwa. Muuza maziwa akionekana na wanga mkononi, watu hawaulizi alikuwa na nia gani."

"Wakiona."

"Haya. Wakiona," alisema Usumani, akaenda kuleta sufuria.

Siku ya fainali mtaa ulifungwa mapema. Watu walijaa ukutani, juu ya paa, kwenye ngazi za msikiti. Karangwa alifika na Nduwayo kabla vizuizi havijawekwa, keni akiibeba mwenyewe mapajani kama mtoto. Alikuwa na kofia mpya na fimbo. Alisimama mbele ya bango akalisoma, kisha akasoma tena. Mukarugwiza alimwonjesha kwenye keni, akaiingiza ndani, akaifunika kwa kitambaa safi. Rodney alipokuja kuchukua chupa zikiwa tayari zimejaa, alizibeba kifuani bila kuzitazama.

"Hizo ndizo?" Karangwa akauliza.

"Ndizo, kaka."

Waendeshaji walipoanza kupanda, mzunguko baada ya mzunguko, Mukarugwiza aliangalia kwa sababu kaka yake alikuwa akiangalia. Hakuona walichokishangilia watu. Aliona midomo iliyojaa mate mazito, kamasi zilizopulizwa kwa kidole kimoja zikaruka kuelekea kwa watoto, vifuko vya chakula chao laini kama gundi vikitupwa kwenye mawe ambayo wanawake wa usafi walikuwa wameyafagia alfajiri. Mmoja alitapika bila kushuka kwenye baiskeli. "Wanaume hawa!" alisema Karangwa kwa heshima kubwa. Mukarugwiza alifunika mdomo kwa kitenge.

Kisha, katika mzunguko wa mwisho, mtaa mzima ulipiga yowe moja. Kijana mmoja alikuwa ametoka peke yake kwenye kona ya chini, anapanda amesimama, baiskeli inayumba kama inataka kumtupa, na jina lake lilipanda kilima kabla yake: Twizeyimana! Twizeyimana! Mtoto wa Bugesera, mtoto wa nyumbani. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Usumani alitupa kofia yake juu ikaangukia paa.

Mukarugwiza peke yake ndiye aliyebaki amesimama wima, mikono imelegea. Katika hesabu zake zote mshindi alikuwa mgeni.

Walipanda jukwaani watatu: Twizeyimana katikati, mgeni mmoja kila upande. Rodney akawapa chupa. Wageni wakabinya papo hapo, kama Keza, wakamwaga kwenye nywele, kwa wapiga picha, kwenye suti za wakubwa waliokaa mbele, na watu wakapiga makofi, ingawa wazee wengine waligeuza uso. Twizeyimana hakubinya. Aliitazama chupa. Rodney, kutoka pembeni, alimwonyesha kwa mkono: pyaa! pyaa! Kijana akatikisa kichwa. Alivua kofia yake ya mbio, akafungua kifuniko, akashika chupa kwa mikono miwili kama wanavyofundishwa watoto, akaipeleka midomoni.

Funda la kwanza likamsimama kooni. Mukarugwiza aliliona kutoka alipokuwa. Aliona macho ya kijana yakifumbuka, yakapita juu ya vichwa vya watu, yakatua kwenye bango lenye picha ya ng'ombe. Hakutema. Maziwa uliyopewa hayatemwi. Akameza, akainua tena chupa, akanywa hadi ikaisha.

Mtaa ukalipuka kuliko alipovuka mstari.

"Umeona?" Karangwa alikuwa amemshika dada yake bega. "Umemwona huyo? Huyo amelelewa. Amekunywa maziwa ya Bihogo mbele ya dunia, na wale wengine..." Alipangusa macho kwa kofia.

Mukarugwiza aligeuza uso. Miaka yote alinusa watu, na leo mtu mmoja tu ndiye aliyeyaheshimu maziwa, na huyo ndiye yeye aliyemnywesha wanga wa kanzu. Kinyaa kilichokuwa kimemtazama Rodney na Keza na yule fundi wa ndala kiligeuka, kikamtazama yeye.

Bado watu hawajatawanyika, Rodney alikuja amekunja uso. Shati lake lilikuwa limekauka kwa jua, na halikuwa limekaa kama shati. Mkono ulisimama pembeni kama wa sanamu.

"Mama Shema, maziwa gani haya yanakauka kama karatasi? Wakubwa wananiuliza. Suti zao zimesimama!"

Kaliza, mama wa jirani aliyekunywa mtindi pale kila siku, akagusa lile shati kwa ncha ya kidole. "Loo. Hili halihitaji pasi." Akalinusa. Akageuka polepole. "Mukarugwiza. Wewe unayetunusa sisi."

"Jua ni kali," alisema Usumani haraka kutoka mlangoni kwake. "Maziwa yakipigwa na jua..."

"Basi yaliharibika!" Rodney akadakia. "Tuseme yaliharibika kwa jua. Mama, sema tu hivyo, inatosha."

Karangwa alikuwa amesimama. "Maziwa ya Bihogo hayakuharibika. Nimeyaonja mimi."

Hapo ndipo Twizeyimana mwenyewe alipofika, taulo shingoni, watu wakimfuata na simu. Alikuwa amekuja kushukuru. Aliyekunywa hushukuru, ndivyo alivyolelewa. Aliposikia nani mwenye ng'ombe, alimwinamia Karangwa, akampa mikono miwili.

"Ulionaje maziwa yangu, mwanangu?" Karangwa akauliza kwa Kinyarwanda, na sauti yake ilikuwa inaomba.

Kijana akasita. "Mazuri, mzee."

"Mazuri tu?"

"Mzee, mimi nimezaliwa kijijini." Alijikuna shingo kwa aibu. "Nilidhani ndivyo maziwa ya mjini yalivyo."

Hakuna aliyecheka. Rodney alimtazama Mukarugwiza, akitikisa kichwa kidogo: sema jua, sema jua. Ilikuwa bado inawezekana. Mtaa ungelisahau neno kuharibika baada ya wiki. Lakini kaka yake angerudi Kabuga akijua kwamba maziwa ya Bihogo yalimkwama mshindi kooni, na angelala na hilo mpaka kufa.

"Hayakuwa maziwa," alisema Mukarugwiza. "Ni wanga. Ni wanga wa kanzu, nimeukoroga mimi kwa mikono yangu, kwa sababu walitaka kumwaga. Maziwa yako, kaka, yako ndani. Hayajaguswa."

Kaliza alipiga kofi kwenye paja. "Wanga! Na mtindi wangu wa kila siku je? Na huo?" Sauti zikaanza kuzunguka, kila mtu akikumbuka kikombe chake cha jana. Mukarugwiza aliingia ndani, akafunua keni, akashusha inkongoro kutoka kwenye rafu, akaijaza, akatoka nayo kwa mikono miwili kuelekea kwa kijana.

Karangwa akamzuia njiani. Alikitwaa kikombe mikononi mwake, akanywa funda dogo kwanza, watu waone, kisha akageuka akampa Twizeyimana yeye mwenyewe.

Kijana alinywa taratibu. Alipomaliza alikuwa na mstari mweupe juu ya mdomo, na alicheka. "Haya, mzee. Haya ndiyo."

"Bihogo," alisema Karangwa.

Alikaa mpaka vizuizi vilipoondolewa, amempa dada yake mgongo, akimsimulia kijana habari za ng'ombe. Keni ilipokwisha, kila aliyetaka akiwa amepata, aliifuta inkongoro kwa kitambaa, ndani na nje, akaifunga katika koti lake.

"Kaka, hakikuwa pambo," alisema Mukarugwiza.

"Najua. Lakini kikombe hiki hakikai nyumba iliyonywesha mtu wanga." Akapanda pikipiki nyuma ya Nduwayo, kofia mpya kichwani, koti limekumbatiwa.

Jioni Mukarugwiza alipiga magoti mbele ya duka na brashi na ndoo ya maji ya moto. Wanga ulikuwa umeganda katika nafasi za mawe kama gamba, na ulikuwa umenasa vifuko vya gundi, nywele, na nyayo za watu wote. Usumani alileta brashi ya pili, akapiga magoti upande mwingine. Waliopita walipita kando, na wengine walivuka barabara.

Asubuhi hakutegemea kusikia pikipiki, lakini Nduwayo alikuja, na keni ilikuwa nyuma. Alishuka, akaifungua kamba. Hakuingia nayo. Alisimama mlangoni, macho chini, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Mama Shema, usinichukie. Ni Mzee ameniagiza. Anasema kabla sijamimina, ninuse sufuria."

Mukarugwiza alisogea pembeni ya mlango. Nduwayo akavua kofia, akaingia, akaiinamia sufuria, akavuta pumzi moja fupi. Kisha akanusa na vikombe, kimoja kimoja, na Mukarugwiza akasimama akimngoja, mikono kwenye kitenge.